Mtu wa Sheria Akivaa Gwanda



Mara hii naandika juu ya swali nililoulizwa na kijana mmoja wa kwaya yetu. Jina lake sitalitaja. Alisoma sheria miaka miwili katika chuo kikuu kule Kongo kabla vita havijamkatiza masomo. Hapa Nakivale wengi mnamfahamu kwa sababu huwaandikia watu barua: barua ya kutafuta ndugu waliopotea, barua ya kulalamikia mpaka wa shamba, barua ya mama aliyepoteza kadi yake ya posho. Hatozi fedha. Akipewa maharagwe hupokea na kushukuru.

Jioni moja alikuja kwangu, akakalia kidumu cha maji, akanionyesha ujumbe katika simu yake. Watu wa kwao wanamwita arudi nyumbani akajiunge nao. Wanamwambia kwamba vijana wa kubeba bunduki wanao wa kutosha, wanachokosa ni wasomi. Yeye aliyesoma sheria hataanzia chini. Atapewa cheo cha ofisa siku ya kwanza. Msimdharau kijana huyu. Nyumba ya kwao ilichomwa moto, na mdogo wake hajulikani alipo tangu mwaka 2024. Akaniuliza: "Papa, mtu wa sheria akivaa gwanda, anabaki kuwa mtu wa sheria, au anakuwa askari tu kama wengine?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe majuma mawili. Majibu yangu nayaandika hapa mbele ya wote, kwa sababu nina hakika si yeye peke yake aliyepokea ujumbe wa namna ile.

JIBU RAHISI

Kuna msemo wa zamani sana kwamba silaha zikisema, sheria hunyamaza. Sisi wa Nakivale hatuhitaji mwalimu wa kutueleza maana yake. Makazi haya yalianza kupokea wakimbizi mwaka 1958, yakatangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960. Walianza Wanyarwanda, wakafuata wengine: Warundi, Wakongomani, Wasomali na wengine wengi. Hiyo ni zaidi ya miaka sitini ya watu kufika kando ya ziwa hili kwa sababu mahali fulani sheria ilinyamaza.

Kwa hiyo jibu rahisi lilikuwa tayari mdomoni mwangu: "Mwanangu, usiende. Gwanda na sheria havikai chumba kimoja." Wengi wenu mngeniitikia amina. Lakini nilipolipima jibu hilo usiku, niliona lina matatizo mawili. La kwanza, namfahamu kwa historia mtu mmoja ambaye maisha yake yanalikataa. La pili, namfahamu mtu mwingine ambaye hakuvaa gwanda hata siku moja, na sheria ikafia mkononi mwake. Nitaanza na huyo wa kwanza.

MWANASHERIA ALIYEKUWA BRIGEDIA

Augustino Ramadhani alizaliwa Zanzibar tarehe 28 Desemba 1945. Alisoma Mpwapwa na Tabora, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu sheria mwaka 1970. Kijana mwenye shahada ya sheria wakati ule angeweza kutafuta ofisi nzuri yenye feni na karani. Yeye alijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Humo alipanda ngazi hata akafikia cheo cha brigedia.

Mwaka 1978 alikuwa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar. Mwishoni mwa mwaka huo askari wa Idi Amin walivuka mpaka wakaingia Kagera. Waliua raia, wakaiba ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari, wakavunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba 1978 Rais Julius Nyerere aliwatangazia Watanzania kwamba nchi iko vitani. Vita hivyo vilifika hadi Kampala, iliyotekwa Aprili 1979. Mwaka huohuo Ramadhani alipelekwa Uganda, na kazi yake ilihusu mahakama za kijeshi. Yaani mwanasheria alikwenda vitani, na alipofika alipewa kazi ileile ya sheria, akiwa amevaa gwanda.

Baada ya hapo maisha yake yalikuwa ya mahakamani. Mwaka 1980 akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar, akiwa na umri wa miaka 34 tu. Mwaka 1989 akaingia Mahakama ya Rufani. Kuanzia 2007 hadi 2010 alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Kisha akawa jaji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, na rais wake tangu 2014 hadi 2016. Katika uzee wake alipewa daraja la upadri katika Kanisa Anglikana. Alifariki Dar es Salaam tarehe 28 Aprili 2020.

Mwanasheria, askari, jaji, padri. Mtu anaweza kusema hizo ni kazi nne za watu wanne. Mimi nadhani ilikuwa kazi moja, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza tusimame kidogo katika mwaka ule wa 1979, kwa sababu vita vile vilipita hapa hapa petu.

MBARARA, FEBRUARI 1979

Ninyi mnaopanda gari kwenda Mbarara kununua bidhaa au kumpeleka mgonjwa hospitali, mnaona mji wenye maghorofa, mabenki na chuo kikuu. Wazee wa pale wanakumbuka mji mwingine. Majeshi ya Tanzania yaliiteka Masaka tarehe 24 Februari 1979, na Mbarara siku iliyofuata. Baada ya kuteka, askari walilipua majengo mengi ya miji hiyo miwili. Walikuwa wamekwisha kuona yaliyofanywa Kagera, nao wakalipiza. Kabla ya hapo, mwezi Januari, walikuwa wameibomoa Mutukula, na raia wakauawa. Habari hizo zilimfikia Nyerere, zikamchukiza, akatoa amri kwamba raia na mali zao wasiguswe. Amri ilitoka Januari. Mbarara ilibomolewa Februari.

Halafu likaja jambo baya zaidi, na hili halikufanywa na jeshi lililotoka nje. Katika mwaka uleule, humu humu Ankole, Waislamu waliuawa na majirani zao, eti kwa sababu Amin alikuwa Mwislamu. Watu waliolima bega kwa bega wakamalizana kwa kisasi. Wale waliouawa hakuna aliyewashtaki kwa lolote, wala aliyewauliza kama walimtumikia Amin au waliteswa naye kama wengine.

Sasa mtu mwenye akili ataniuliza: ikiwa hayo yote yalitokea, hao wanasheria wenye magwanda walisaidia nini? Jeshi la Tanzania lilikuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966. Lilikuwa na mahakama zake za kijeshi. Lilikuwa na Amiri Jeshi aliyetoa amri njema. Na bado Mbarara ikabomolewa.

Swali hili ni zito na sitalikwepa. Sheria haikuwahi mbele ya hasira. Mara nyingi haiwahi. Lakini tazameni tofauti. Penye sheria, hata ikichelewa, kitendo kibaya kinabaki kuitwa kosa. Askari aliyepora anajua amepora. Kamanda wake anajua kuna siku anaweza kuulizwa. Pasipo sheria, uporaji unaitwa ushindi, na aliyeua jirani yake anatembea sokoni akisalimiwa. Kule kuchelewa kwa sheria ni hasara kubwa, lakini kutokuwepo kwake ndiko kunakofanya vita vya baba virithiwe na mtoto. Sisi wa Maziwa Makuu tumerithi vingi.

YULE AMBAYE HAKUVAA GWANDA

Nilisema namfahamu mtu wa pili. Mtu huyo ni mimi.

Kabla ya kuwa mkimbizi nilikuwa karani wa mahakama katika mji mdogo mashariki mwa Kongo. Kazi yangu ilikuwa kutunza vitabu na mafaili, kugonga mihuri na kunakili hukumu kwa mkono. Niliipenda kazi ile, na watu waliniheshimu. Vita vilipofika mjini kwetu mahakama haikufungwa. Tulikuja kazini kila asubuhi kama kawaida, tumevaa mashati yaliyopigwa pasi.

Siku moja akaja mwenye bunduki na karatasi. Alitaka kiwanja fulani kiandikwe kwa jina lake. Mwenye kiwanja alikuwa mjane niliyemjua, muuza samaki. Yule bwana hakunitishia. Alisimama tu mbele ya meza yangu akingoja, na bunduki ilikuwa begani. Nikafungua kitabu, nikakata jina la mjane, nikaandika la kwake. Nikagonga muhuri. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kama siku zote.

Baada ya juma moja mjane akaja. Nilimwambia faili lake halionekani. Akaniangalia kwa muda mrefu, akafunga kanga yake vizuri, akaondoka. Sikumwona tena.

Naandika haya nikiwa na aibu, lakini bila kuyaandika, makala hii ingekuwa uongo. Mimi sikuwa na gwanda. Sikuwa na cheo cha jeshi. Nilikuwa mtu wa sheria mtupu, mwenye shati jeupe, na sheria ilinyamaza mkononi mwangu mwenyewe. Kwa hiyo siwezi kumwambia kijana wetu kwamba gwanda ndilo linaloua sheria. Kinachoiua ni woga, na ile desturi ya kuiacha sheria impate mnyonge tu, wala isimguse mwenye nguvu aliyesimama mbele ya meza yako.

SHERIA NI KAMBA YA MKONO WAKO

Hapa ndipo nilipoanza kuona jibu. Watu wengi hudhani sheria ni fimbo ya kumpigia adui. Kila kundi lenye silaha linapenda sheria ya namna hiyo. Ndiyo maana wanatafuta wanasheria: awaandikie matangazo, awape majina mazuri ya mambo mabaya, aseme mbele ya waandishi wa habari kwamba adui amevunja mkataba huu na ule. Kazi hiyo haihitaji mtu wa sheria. Inahitaji mtu wa maneno.

Sheria ya kweli ni kamba unayoufunga nayo mkono wako mwenyewe kabla hujakasirika. Askari wa upande wako akiiba mbuzi wa mwanamke wa upande ule, sheria ndiyo inayosema mbuzi arudishwe. Mfungwa akiletwa akiwa amefungwa kamba, na wenzako wanataka kummaliza, sheria ndiyo inayosema asiguswe. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, katika kifungu chake cha tatu, inakataza kumuua mtu aliyeweka silaha chini, kumtesa, kumchukua mateka, au kumhukumu bila mahakama iliyoundwa kihalali. Kifungu hicho hakiyafungi majeshi ya serikali peke yake. Kinalifunga kila kundi linalopigana ndani ya nchi, hata lile linalojiita mkombozi.

Hata Yohana Mbatizaji, askari walipomwendea wakamwuliza wafanye nini, hakuwapa fundisho juu ya adui zao. Luka anasimulia katika sura ya tatu kwamba aliwakataza kunyang'anya watu na kusingizia, akawaambia waridhike na mishahara yao. Wao waliuliza juu ya maisha yao, naye akawajibu juu ya mikono yao.

Tena mtu wa sheria ni yule anayekubali yeye mwenyewe kukosolewa. Nimrudie Jaji Ramadhani, na hapa sitamsifu tu. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Tanzania aliamua kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Kesi ikaenda Mahakama ya Rufani, na Ramadhani alikuwa mmoja wa majaji watatu walioisikiliza. Mwaka 1995 walikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamdhalilisha mwanadamu, lakini wakasema Katiba yenyewe imeiruhusu, hivyo ikabaki. Wengine wataona hapo ni unyofu. Wengine wataona ni moyo uliofungwa na karatasi. Mimi mwenyewe hukumu ile inanisumbua.

Mwaka 2010, akiwa Jaji Mkuu, Ramadhani aliongoza jopo la majaji katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, aliyedai haki ya raia kugombea uongozi bila kupitia chama. Mahakama ikasema jambo hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Mtikila hakukata tamaa. Kesi ikapelekwa Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ambako Ramadhani sasa alikuwa jaji. Kwa kuwa kanuni zake haziruhusu jaji kukaa katika kesi inayoihusu nchi yake, yeye hakukaa. Tarehe 14 Juni 2013 wenzake waliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za Mtikila. Yaani mahakama yake mwenyewe ilifikia uamuzi uliopingana na ule alioutoa yeye.

Na yeye akafanya nini? Aliendelea na kazi. Mwaka uliofuata wenzake walewale wakamchagua kuwa rais wa mahakama hiyo. Brigedia mzima aliambiwa mbele ya Afrika yote kwamba hukumu aliyoiongoza haikuwa ya haki, na hakuna mtu aliyepotea usiku. Hapo ndipo ninapoona ile kazi moja niliyoitaja. Jeshini, mahakamani na kanisani, alikaa mahali ambapo kuna aliye juu yake, na palipo na utaratibu wa kumwambia hapana. Sisemi alikuwa hana kosa. Nasema kosa lake liliweza kusahihishwa.

KOTIDO NA BARAKA

Ndugu mmoja niliyemsomea sehemu hii aliniambia: "Hayo ni ya Watanzania. Huku kwetu jeshi na sheria ni paka na panya." Nikamjibu kwa mifano miwili.

Wa kwanza unampa yeye haki. Tarehe 21 Machi 2002, padri Declan O'Toole wa shirika la Mill Hill aliuawa barabarani huko Kotido, kaskazini mwa Uganda, pamoja na wenzake wawili. Siku nne baadaye askari wawili walipigwa risasi hadharani kwa kosa hilo, baada ya kesi ya kijeshi iliyochukua chini ya saa tatu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema mtu hawezi kunyongwa au kuuawa kwa hukumu mpaka mahakama ya juu kabisa ya rufani iithibitishe. Siku nne hazitoshi hata kuandika rufani. Watu wengi walifurahi, wakasema jeshi limetenda haki haraka. Lakini haki ya haraka namna hiyo haikumpa yeyote nafasi ya kuuliza: je, ni hawa kweli? Je, walitumwa? Wafu hawajibu. Gwanda lilivaa joho la jaji, na chini ya joho lilibaki gwanda.

Mfano wa pili watu wa Fizi waliomo humu wanaufahamu kuliko mimi. Siku ya mwaka mpya wa 2011 askari wa jeshi la serikali ya Kongo waliingia mji wa Fizi, wakawabaka wanawake wengi. Mwezi Februari mahakama ya kijeshi inayotembea ilikuja ikakaa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Mahakimu walikuwa maofisa wa jeshi. Aliyeshtakiwa wa kwanza alikuwa ofisa mwenzao, Luteni Kanali Kibibi Mutware. Wanawake walisimama wakasema yaliyowapata. Tarehe 21 Februari 2011 luteni kanali huyo alihukumiwa kifungo cha miaka ishirini kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Mahakama ile haikuwaponya wanawake wale. Wengine walipata taabu nyingine baada ya kutoa ushahidi. Lakini siku ile watu waliovaa gwanda walimfunga mtu aliyevaa gwanda kama lao, kwa ajili ya wanawake wasiokuwa na kitu. Kwa hiyo linawezekana. Ni adimu, lakini linawezekana.

JIBU LANGU KWA KIJANA

Baada ya majuma mawili nilimwita kijana wetu. Sikumwambia "nenda" wala "usiende" kabla ya kumpa maswali matatu ya kuwauliza wale wanaomwita.

Swali la kwanza: Kamanda wenu mkuu akibaka au akiiba, ni nani miongoni mwenu anayeweza kumshtaki na akalala nyumbani kwake salama usiku ule?

Swali la pili: Mimi nikisema kwamba mfungwa huyu asiuawe, nanyi mnataka auawe, neno la nani litasimama?

Swali la tatu: Nikitaka kuvua gwanda, nitaruhusiwa kwenda zangu?

Ramadhani alivaa gwanda, akalivua, akavaa joho, kisha kanzu ya upadri. Mlango ulikuwa wazi kila mara. Ikiwa majibu ya maswali haya ni "hakuna", "letu", na "hapana", basi hawakuiti uwe mtu wa sheria. Wanakuita uwe karani kama nilivyokuwa mimi, mwenye mwandiko mzuri wa kukata majina ya wajane.

Nikamkumbusha pia mambo ambayo kila mkimbizi anapaswa kuyafahamu. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1969 unaohusu wakimbizi unamnyima ulinzi mtu aliyetenda makosa ya kivita, na unazikataza nchi kuwaacha wakimbizi waishambulie nchi nyingine. Makazi haya ni ya raia. Anayetoka hapa kwenda kupigana hawezi kuacha sufuria yake jikoni akitegemea kuirudia. Na anayewaandikisha vijana wetu humu ndani anahatarisha kila mama anayepanga foleni ya posho.

Kijana aliyanakili maswali katika daftari, kisha akayatuma kwa simu. Jibu lilikuja kesho yake: "Njoo kwanza, hayo tutayaongea ukifika." Alinionyesha bila kusema neno. Sikujua kama nicheke au nilie.

Sijui ataamua nini mwisho wake. Moyo wa mtu aliyepoteza mdogo wake hauamuliwi na makala ya mzee. Lakini naomba niwasimulie jambo moja. Mwezi uliopita mama mmoja wa kabila lisilo letu alimwendea amwandikie barua kwa viongozi wa baraza la wakimbizi. Jirani alikuwa amesogeza mpaka wa shamba lake hatua nane. Jirani huyo ni mjomba wake kijana. Ndugu zake walimwambia, "Mwambie karatasi zimekwisha." Nilipoyasikia maneno hayo, nilikumbuka faili lisiloonekana. Yeye aliandika barua. Aliandika hatua nane, si saba, akasaini kama shahidi kwamba alipima kwa miguu yake. Mjomba hamsalimii mpaka leo.

Nikamwambia: mwanangu, uliniuliza kama mtu wa sheria akivaa gwanda anabaki mtu wa sheria. Jibu langu ni kwamba anabaki, ikiwa alikuwa hivyo kabla ya kulivaa, na ikiwa walio pamoja naye wanakubali kufungwa kamba ileile. La kwanza umelionyesha kwa barua ya hatua nane. La pili wale wanaokuita wamelijibu wenyewe.

Wapendwa, nawaomba tusimwache kijana huyu peke yake na simu yake. Mwenye kazi ya kumpa, hata ya siku moja, ampe. Mwenye taarifa za mdogo wake azilete kwa wazee wa kanisa. Na Jumapili ijayo baada ya ibada tutakaa chini ya mti, vijana kwa wazee, tuyazungumze maswali haya matatu. Mwenye la kupinga aje alipinge mbele ya wote, nami nitasikiliza.

Ni mimi ndugu yenu, mzee wa kanisa.